Gari limechemsha, mume hana kazi, na mkopeshaji anataka kadi ya gari

Shikamoo mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, nina miaka 34. Tunaishi Kimara, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mtoto mkubwa yuko darasa la nne hapo hapo ninapofundisha, mdogo ana miaka mitano na anasoma chekechea ya binafsi. Tuna gari dogo, IST, tulilonunua miaka mitatu iliyopita kwa akiba na mkopo wangu wa benki, ambao bado nakatwa kwenye mshahara. Baada ya makato yote napata mkononi shilingi 620,000.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala kwenye kampuni moja ya usambazaji kwa miaka minne na miezi kadhaa. Mshahara wake wa msingi ulikuwa 480,000. Wiki tatu zilizopita aliitwa ofisini akaambiwa biashara imeshuka, wanapunguza watu, asirudi Jumatatu. Hakupewa karatasi yoyote. Mshahara wake wa mwezi ule wanasema upo, ila kwanza aende akasaini barua ya kuacha kazi kwa hiari ili faili lake lifungwe. Hajaenda. Ana hasira, hataki kuonana na meneja wake. Juzi kaka yake alimwambia aache ubishi, asaini achukue chake. Nadhani wiki hii ataenda.

Sasa mama, kubwa lililonifanya nikuandikie ni gari. Siku chache baada ya kazi kuisha tulikuwa tunamrudisha mama mkwe kutoka kliniki ya sukari. Tulipoanza kupanda kutoka Ubungo taa nyekundu ya joto ikawaka. Mume wangu akasema tukaze tu, tumebakiza kidogo. Tulipofika kituo cha Korogwe, hapa hapa Kimara, mvuke ukaanza kutoka mbele na gari likazimika lenyewe. Tukalivuta hadi nyumbani. Fundi wetu wa mtaani akafungua boneti, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, 950,000 pamoja na ufundi. Jirani akatuletea fundi mwingine, huyo akasema tusipoteze hela, tununue injini ya mtumba, 1,700,000. Hakuna hata mmoja aliyeliwasha. Wote waliangalia kwa macho tu.

Akiba yetu iliishia kwenye matibabu ya mama mkwe tangu Januari. Kodi ya nyumba ni 150,000 kwa mwezi, tunalipa miezi mitatu mitatu, na awamu nyingine ni mwisho wa mwezi ujao. Ada ya mdogo tunadaiwa 280,000. Mume wangu anataka tutengeneze gari aingie kwenye teksi mtandao. Mimi nataka tuuze, kuna dalali amesema atatupa milioni nne na nusu kama lilivyo. Kuna mkopeshaji hapa mtaani yuko tayari kutupa milioni moja hata kesho, turudishe 1,300,000 baada ya mwezi. Atakaa na kadi ya gari na kadi yangu ya benki, na namba ya siri nimpe. Mume wangu ameshakubali moyoni. Mimi sijakataa wala sijakubali. Kila tukizungumza tunagombana, na mama mkwe anasikia kila kitu kwa sababu nyumba ni ndogo.

Tutengeneze, tuuze, au tukope?

Mama Neema, Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe pole baba Neema na mama.

Barua yako ilinifanya nikupigie simu siku ile ile, na najua hukutegemea kwamba ningeanza na barua ya mumeo kabla ya gari. Narudia hapa yale niliyokuambia, kwa sababu najua wapo wengine ambao karatasi ya namna hiyo iko mezani kwao sasa hivi, kalamu pembeni.

Asisaini barua ya kuacha kazi. Mumeo hakuacha kazi, ameachishwa. Kwa sheria ya Tanzania hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na tofauti yake ni pesa ya nyumba yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za biashara awape taarifa mapema, awaeleze sababu, azungumze nao kuhusu nani anaondoka na kwa vigezo gani. Kumwambia mtu asirudi Jumatatu siyo hivyo. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na kuachishwa na mwajiri anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka alioukamilisha, hadi miaka 10. Kuna malipo ya likizo ambazo hakwenda. Kuna cheti cha utumishi. Na mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake tayari, haulipiwi kwa saini.

Hebu tupige hesabu yake. Miaka minne kamili ni siku 28 za kiinua mgongo, ambazo kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki zinazidi kidogo mshahara wa mwezi mmoja. Notisi nayo ni karibu mwezi mwingine. Ukiziweka pamoja unakaribia 950,000, yaani fedha ile ile fundi wenu aliyoitaja, kabla hata hujagusa mshahara wanaomshikia. Akisaini kwamba ameondoka kwa hiari, kiinua mgongo kinaondoka na hiyo saini na notisi inakuwa vigumu kuidai. Kaka yake ana nia njema, lakini ushauri wake ungewagharimu kuliko gari.

Jambo la pili ni siku. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Umeniandikia wiki ya tatu imeshatimia. Kwa hiyo mwanangu, katika yote uliyoyaeleza, hili ndilo lenye saa inayogonga. Gari limepaki, halitaharibika zaidi likiwa limesimama. Kufungua shauri CMA hakulipiwi. Anakwenda mwenyewe, anajaza Fomu Na. 1, nakala moja anamfikishia mwajiri na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, nyingine anaiwasilisha Tume. Hahitaji wakili kwa hatua hiyo. Wataanza na usuluhishi, yaani watawakalisha yeye na mwajiri mezani mbele ya msuluhishi, na mashauri mengi ya aina hii huishia hapo hapo kwa sababu mwajiri naye anajua alichokiruka. Abebe mkataba kama anao, salari slipu, kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango ya NSSF, na kama meneja alimwandikia ujumbe wowote kwenye simu kuhusu kuja kusaini, asiufute hata mmoja. Leo usiku aandike kwenye daftari nani alimwita, siku gani, alimwambia nini, na nani mwingine alikuwepo. Wenzake walioondolewa pamoja naye awatafute, wakienda pamoja shauri lina uzito zaidi.

Kwa msomaji ambaye siku 30 zimeshampita: bado unaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu nyingine, Fomu Na. 2, ukieleza sababu za kuchelewa. Sababu ziwe na ushahidi, mfano karatasi za hospitali. Kutojua sheria peke yake huwa hakukubaliki kirahisi.

Halafu NSSF. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira, na watu wengi waliopunguzwa kazi hawalijui kwa sababu wanafikiria fedha za NSSF ni za uzeeni tu. Aliyechangia angalau miezi 18 akaachishwa kazi bila kupenda kwake anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mshahara wa 480,000 hiyo ni kama 160,000 kwa mwezi. Kodi yenu ni 150,000. Umeona? Kwa nusu mwaka paa la watoto linaweza kushikiliwa na fedha ambayo mumeo alikuwa anakatwa kila mwezi bila kuifikiria. Lakini fao hilo si la aliyeacha kazi mwenyewe, na hapo ndipo barua ile ya hiari inaumiza mara ya pili. Aende ofisi ya NSSF iliyo karibu, aombe taarifa ya michango yake, ahakikishe mwajiri alikuwa anaipeleka kweli. Kama kuna miezi haikupelekwa, aseme hapo hapo.

Sasa mkopeshaji. Hapa sitazunguka: hapana.

Milioni moja kwa 1,300,000 baada ya mwezi ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Wakopeshaji wadogo wenye leseni, walio chini ya usimamizi wa Benki Kuu, ukomo wao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyo wenu anatoza zaidi ya mara nane ya hiyo. Na tuseme umechukua, gari limetengenezwa, mwezi umefika. Hiyo 1,300,000 inatoka wapi? Mshahara wako wa miezi miwili kamili, bila kula, bila kodi, haufiki hapo. Kwa hiyo utalipa riba ya 300,000 ili akusogezee mwezi, na milioni itabaki pale pale, na mwezi unaofuata hivyo hivyo. Hii ndiyo mikopo watu wameipa jina la kausha damu, na nimepokea barua za walimu wenzako ambao kadi zao za benki hawajazishika mwaka mzima: mshahara ukiingia mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine, anachukua chake, anawaachia kinachobaki kama posho. Kadi ya benki na namba ya siri havitoki mkononi mwako kwa mtu yeyote. Na kadi ya gari pia, hasa kwa sababu wengi wa hawa hukusainisha mkataba wa kuuziana gari na kuuita dhamana. Siku ukichelewa, kwenye karatasi unaonekana umemuuzia gari kwa milioni moja.

Umeniuliza kuhusu kukopa, nami sikukatazi kila mkopo. Kama una hisa zako kwenye SACCOS ya walimu au kikundi chako cha VICOBA, huko riba inajulikana na watu wanajulikana. Lakini hata huko usikope kwa ajili ya gari kabla hujajua gari linaumwa nini. Na mpaka sasa hamjui.

Tulizungumze gari vizuri, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu wa kipato chetu zinapopotelea.

Mafundi wawili wametoa bei mbili bila kupima chochote. Gasketi ya silinda hedi inaweza kweli kuwa imeungua, hasa kwa kuwa gari liliendeshwa taa nyekundu ikiwa imewaka. Silinda hedi ya injini hiyo ni ya aluminiamu, joto likizidi inapinda, na ikipinda hata kidogo gasketi haizibi tena. Lakini gari huchemsha kwa sababu nyingi nyingine zenye bei ndogo: mpira wa maji umepasuka, feni ya rejeta haizunguki kwa sababu ya fyuzi au rilei, wota pampu inavuja, thamostati imeganda, mfuniko wa rejeta umechoka haushiki presha, rejeta imeziba kwa kutu kwa sababu tunajaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Mtu anayekuuzia injini ya 1,700,000 kabla hajatazama feni yako anatafuta hela yake, siyo ugonjwa wa gari lako.

Kwa hiyo tafuteni fundi wa tatu, ambaye mtamlipa kwa kupima tu, na mumwambie wazi tangu mwanzo kwamba kazi yenyewe huenda asiifanye yeye. Hela ya kupima ni ndogo, na inamtoa kwenye kishawishi cha kuwakuzia tatizo. Aje asubuhi gari likiwa baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari likiwa na moto, maji yanaruka usoni na yanaunguza vibaya, muwe mbali na watoto. Avute stiki ya oili na afungue mfuniko wa kujazia oili: akikuta oili imebadilika rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na hapo injini isiwashwe tena hata kwa dakika moja. Kama oili ni safi, atazame mipira yote na chini ya wota pampu kama kuna alama za maji, ajaze maji, awashe huku mfuniko wa rejeta uko wazi, na mwangalie wote pamoja. Mapovu yakitoka mfululizo tangu injini ikiwa bado baridi, hiyo ni hewa ya kwenye silinda inaingia kwenye maji, gasketi imekwenda. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu nyuma, maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, hizo nazo ni dalili zake. Yasipotoka mapovu, aache iendelee kunguruma mpaka ipate moto aone kama feni inawaka. Aipime na presha ya silinda zote nne, kifaa chake ni cha kawaida na fundi mzuri hakikosi. Mumeo asimame pale wakati wote. Ni mtunza ghala, kuhesabu na kukagua ndiyo kazi yake.

Ikithibitika ni gasketi, sikilizeni fundi atakavyoieleza kazi. Akisema atabadilisha gasketi na kufunga, mwende kwingine. Silinda hedi ikishatolewa ipelekwe karakana ya kuchonga ipimwe kama imepinda, ichongwe kama inahitajika, na boliti zifungwe kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wake, siyo kwa nguvu ya mkono. Na kabla ya yote hayo kile kilicholifanya lichemshe kiwe kimepatikana. Asipokipata, mtaunguza gasketi mpya kabla ya mvua zijazo. Nikuambie na hili ili msibebeshwe kazi hewa: IST za kwanza zenye injini ya 1NZ au 2NZ zinatumia cheni ya taiming. Fundi akiwaandikia mkanda wa taiming kwenye orodha ya vitu vya kununua, muulizeni anautoa kwenye gari gani.

Bei nayo itenganishwe. Hiyo 950,000 ina vipuri kiasi gani na ufundi kiasi gani? Vipuri mnunue wenyewe, mumeo aende na fundi au na orodha yake mpaka Gerezani au Ilala, aulize maduka matatu manne, achukue risiti. Cha juu kwenye vipuri ndicho kinachonenepesha bei za gereji, na fundi mwaminifu hatanuna ukimwambia utamlipa ufundi wake vizuri na vipuri utanunua mwenyewe. Vya zamani vikitolewa mvione kwa macho. Malipo ya ufundi yagawanywe: kidogo mwanzo, kingine injini ikifungwa, na cha mwisho gari likishapanda mlima wa Kimara mara mbili tatu bila taa kuwaka.

Kuuza kwa dalali kwa milioni nne na nusu sikushauri, si kwa sasa. Anajua mna shida, na anajua hamjui ugonjwa. Mkishajua kwamba ni feni au pampu, au hata kwamba ni gasketi tu na injini nzima ina presha nzuri, bei yenu inapanda siku hiyo hiyo. Kama vipimo vitaonyesha injini imekwisha kweli, basi uzeni, na tutamshukuru Mungu kwa usafiri wa umma. Nyie mko Kimara, Mwendokasi ipo tangu mwaka 2016, mjini mnafika. Mama mkwe anayekwenda kliniki mara moja kwa mwezi, siku hiyo akodishiwe teksi mlangoni. Itakuwa nafuu kuliko mafuta, bima na oili ya gari linalotoka uani kwa ajili ya kliniki tu.

Wazo la teksi mtandao mumeo asilitupe, lakini asilikimbilie. Inataka leseni ya udereva inayoruhusu kubeba abiria, leseni ya LATRA, yaani mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara, kwa sababu bima ya gari binafsi haitamlinda akipata ajali na abiria. Akae na dereva mmoja anayeifanya kazi hiyo siku nzima, aandike alichoingiza, mafuta, kamisheni, kuosha, vifurushi vya intaneti, chakula. Kinachobaki ndiyo mshahara, na katika hicho matairi na breki vinasubiri zamu yao. Gari ambalo halijapona halifai kuanzia kazi hiyo, litamwacha njiani na abiria ndani.

Mengine ya nyumbani ni mepesi ukiyalinganisha. Mwenye nyumba mwendee sasa, kabla ya tarehe, mwombe kwa miezi sita ijayo mlipe mwezi kwa mwezi. Wengi hukubali wakiambiwa mapema na hukataa wakikimbiwa. Kwa chekechea, nenda kwa mkuu wa shule na kiasi fulani mkononi, hata 50,000, na karatasi yenye tarehe za kumalizia. Hali ikizidi, mdogo aingie darasa la awali kwenye shule yako ya serikali, ambako ada haipo. Usilione kama kumshusha mtoto. Wewe mwenyewe unafundisha huko watoto wa watu na unajua unavyowafundisha. Kuhusu mama mkwe, kama ametimiza miaka 60 na hana uwezo, ofisi ya serikali ya mtaa na ustawi wa jamii wanaweza kumsaidia apate kitambulisho cha mzee cha matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Na yule kaka mtu mwenye ushauri mwingi, huyo ni mwanaye pia. Mumeo amwambie kwa heshima kwamba dawa za mama kuanzia mwezi huu ni za watoto wote, kila mmoja na fungu lake.

Limebaki la wewe na yeye. Umeniambia mnagombana kila mnapozungumza, na nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta mnagombania nini. Naona yeye analing'ang'ania gari kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki kinachomwonyesha njia ya kuleta hela nyumbani, na wewe unataka liondoke kwa sababu mkopo wake unakatwa kwako kila mwezi. Wote mna haki. Ile taa nyekundu ya siku ile usimkumbushe tena. Anajua. Mwanaume aliyeambiwa asirudi kazini Jumatatu akiulizwa na mkewe kuhusu taa ya joto, anasikia kingine kabisa. Nendeni mkakae nje jioni, mbali na sikio la mama, daftari likiwa katikati yenu, na uanze na zile haki zake: kiinua mgongo, notisi, NSSF. Aone kwamba bado ana kitu anachokileta mezani, na kwamba unataka kumsaidia akidai. Mkishamaliza ukurasa huo, ndipo mfungue wa gari.

Kesho asubuhi aende CMA na bahasha yake, wewe uombe ruhusa ya saa moja umwone mkuu wa chekechea. Fundi wa kupima aje Jumamosi, gari likiwa baridi. Mkopeshaji akipita mjibu kwamba hamhitaji, mfunge mlango. Mkipangiwa tarehe ya usuluhishi niandikie, nitakueleza mumeo ajiandae vipi kwa siku hiyo.